Fundi wa Gatini Anajibu: Zinki Zangu Zinaliwa na Nani?

Swali: Shikamoo fundi. Nina boti ya faibaglasi ya mita 11, pangaboi la bronzi, shafti ya chuma cha pua. Miaka mitatu nilikuwa naifunga kwenye boya na zinki, vile vipande vinavyofungwa chini ya boti ili viliwe na maji ya chumvi badala ya pangaboi, zilikuwa zinanikalia mwaka mzima. Tangu nihamie gatini na kuchomeka umeme wa nchi kavu usiku na mchana, kwa ajili ya friji na chaja ya betri, zinki hazimalizi miezi mitatu. Jirani ananiambia nikate waya wa ethi, ule wa kijani na njano, na tatizo litakwisha. Nikate?

Jibu: Marahaba. Usikate, na hayo makoleo mrudishie jirani.

Ila tumtendee haki: mlango kauona, mlaji wako anapita humohumo. Fuata waya. Ethi ya boti imefungwa kwenye injini, injini imeshikana na shafti, shafti imebeba pangaboi na zinki, na hivyo vimo majini. Ukichomeka tu, ethi yako inaungana na ya gati, na kupitia hiyo inaungana na kila boti iliyochomeka, pengine hata na nguzo za chuma za gati lenyewe. Maji ya chumvi yanafunga duara. Betri aliyoitengeneza Volta mwaka 1800 haikuhitaji zaidi ya hapo: metali mbili tofauti na kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Nyinyi hapo gatini mmekuwa betri moja, na katika betri hiyo zinki ndiyo inayoliwa. Kama jirani hajabadilisha zake tangu zamani, zako ndizo zinazolinda pangaboi lake. Sishangai kwamba yeye hana tatizo.

Na haihitaji mkondo mkubwa. Milliampea 100, ambazo hazitoshi hata kuwasha tochi ya maana, zikipita mwaka mzima zinamaliza kilo moja ya zinki na ushee. Zinki ikiisha, zamu ni ya pangaboi.

Sasa nikuambie kwa nini nakataza kukata. Mimi nilishakata. Nilikuwa kijana, nina koleo na kiburi, na mwenye boti alinisifia miezi mizima kwa jinsi zinki zake zilivyonenepa. Siku moja akanipigia: "Fundi, kingo za chuma zinaniwasha vidole." Nikaenda, nikaweka ncha moja ya mita kwenye ukingo wa boti, nyingine kwenye nguzo ya gati. Mita ikaonyesha umeme. Hita ya maji ilikuwa imepasuka ndani, umeme umeingia kwenye bodi yake, ukasambaa hadi kwenye injini na kingo, na kwa kuwa ethi niliikata, swichi ya gatini haikuona sababu ya kujizima. Watoto wake walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya nyuma, miguu inaning'inia. Niliurudisha ule waya siku hiyohiyo na sikudai hata shilingi. Kwenye maji baridi, ziwani au mtoni, ingekuwa mbaya zaidi, maana mwili wa mtu unapitisha umeme vizuri kuliko maji hayo. Milliampea kumi na kitu zinatosha kuganzisha misuli ya mwogeleaji mzuri.

Unachotakiwa kufunga ni kizuizi cha galvani. Ndani yake mna dayodi, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, mbilimbili mfululizo kwa kila upande. Kila dayodi inataka kama volti 0.6 ndipo ifunguke, kwa hiyo jozi inadai zaidi ya volti 1. Tofauti kati ya zinki yako na shaba ya jirani haifiki hapo, basi inagonga mlango na kurudi. Umeme wa hitilafu ukija na volti 230 zake, dayodi zinafunguka, ethi inafanya kazi yake na swichi inakata. Nunua kile ambacho kikiharibika ethi inabaki imeunganika, na kifunge palepale umeme unapoingilia botini, ethi yote ipitie humo. Ukiwa na waya wa pili wa umeme usiopita humo, umefunga mlango na kuacha dirisha. Transfoma ya kutenganisha ni bora zaidi, kwa sababu ethi ya gati haigusani kabisa na ya boti, ila ni nzito na inataka nafasi.

Kabla ya kununua, pima. Tumbukiza majini elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha, yaani ncha maalumu ya kupimia volti ya metali majini, iunge kwenye mita, ncha nyingine iguse ethi ya boti. Soma ukiwa hujachomeka, kisha chomeka usome tena. Mathalani ukiona milivolti 950 chini ya sifuri, halafu ukichomeka inapungua hadi 780, jua unalisha mtaa. Lakini kama haibadiliki kwa kuchomeka, ila inaruka unapowasha pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayotuama chini kabisa ndani ya boti, tafuta kiungo cha waya kilicholala kwenye maji ya ngama. Huo ni mkondo wa betri yako mwenyewe, kizuizi hakiugusi, na unaweza kumaliza pangaboi kwa wiki chache. Kwangua pangaboi kwa kisu: bronzi nzima inang'aa njano, iliyokwisha kuliwa ni ya waridi na inamomonyoka.

Swali: Fundi, boti yangu ni ya mbao. Niliongeza zinki zikawa sita ili niwe salama. Sasa ndani, kuzunguka boliti za shaba, kuna unga mweupe na mbao zimekuwa laini. Ni mchwa?

Jibu: Si mchwa, ni zinki zako. Shaba inapolindwa kupita kiasi, magadi yanatengenezwa kuizunguka, na magadi hayo yanapika mbao. Boliti utaikuta inameremeta imekaa kwenye uji. Ondoa zinki nne, osha unga kwa maji, acha pakauke, kisha choma bisibisi uone ulaini umeingia hadi wapi. Ikizama sentimita moja bila kusukumwa, mwite fundi seremala, mimi sina la kukusaidia hapo.

Swali: Nipake zinki rangi ili zidumu?

Jibu: Hapana. Zitadumu, ila zitakuwa pambo. Na pale zinapokaa kwangua mpaka chuma king'ae. Zinki ambayo mwaka umepita na bado ina kona kali kama ilivyotoka dukani, ujue haijagusana na kitu.