Wolpepa ya zamani imetoka, ukuta bado hauko tayari

Swali: Fundi, habari ya kazi? Naishi South B, ghorofa ya pili. Wiki jana nilibandua wolpepa ya sebuleni iliyokuwa imekaa kama miaka sita. Pahali pengine plasta imetoka nayo, na pembe moja karibu na dirisha ina madoadoa meusi. Wolpepa mpya nishanunua. Fundi niliyemwita anasema atapiga msasa kidogo, abandike jioni hiyo hiyo. Nimruhusu?

Jibu: Mwambie asubiri kwanza, dada. Hivyo vishimo visikutishe, vitazibwa. Kinachonitia wasiwasi ni gundi, maana ikishakauka huioni. Lowesha sponji kwa maji ya uvuguvugu, pangusa kipande cha ukuta, kisha upitishe vidole. Ukuta ukiteleza kama mrenda, gundi ingalipo. Unaweza pia kudondoshea iodini ya duka la dawa: gundi nyingi za wolpepa ni za wanga, na wanga ukikutana na iodini hugeuka buluu iliyokolea. Za selulosi hazibadiliki hivyo, kwa hiyo vidole ndivyo vya kuamini.

Ukiiacha, maji ya gundi mpya yataiamsha. Zote mbili zitalegea, zikikauka zitajivuta, na maungio ya karatasi yataanza kufunguka. Msasa mkavu hauiondoi. Unajaa gundi tu na kuteleza. Dawa yake ni kuosha. Lowesha eneo dogo, ngoja dakika 10, kwangua kwa skrepa pana ukiwa umeilaza isichimbe plasta, kisha suuza. Badilisha maji mara kwa mara. Yakishakuwa mazito kama uji, unairudisha gundi ukutani. Zima umeme kwenye meinswichi kabla ya kusogelea soketi. Ukuta wa jipsamu usiuloweshe hivyo, tumia sponji iliyokamuliwa vizuri.

Sasa ile pembe. Hiyo ni kuvu, na kuvu haiji bila unyevu. Kata mfuko wa mkate uwe kipande bapa (ile mifuko mingine ilipigwa marufuku 2017), kisha ukibandike hapo kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Jasho likikaa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta: huenda ni bomba la jirani wa juu, au ufa wa nje chini ya dirisha. Hapo mwite keateka, usimwite fundi wa wolpepa, maana karatasi itaficha doa mpaka mvua ya Aprili tu. Likikaa upande wa chumbani, ni mvuke wa jikoni na madirisha yaliyofungwa Julai nzima. Kuvu yenyewe ioshe kwa Jik iliyochanganywa na maji kwa kipimo cha kwenye chupa, ukiwa na glavu na dirisha wazi. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia.

Ukuta ukikauka kabisa, ziba mashimo kwa fila. Pale plasta ilipotoka kwa kina, paka tabaka mbili tatu nyembamba, kila moja ikauke. Ukijaza kwa mkupuo mmoja itapasuka. Piga msasa namba 120, futa vumbi, halafu paka praima ya akriliki. Mafundi wengi hapa Nairobi hutumia gundi nyeupe ya seremala iliyotiwa maji badala ya praima. Hata mimi nilikuwa hivyo, hadi nilipoitwa kurudi kwa mteja mmoja Kasarani nikakuta karatasi inatoka na utando mzima wa ile gundi nyuma yake, kama utando wa maziwa. Nililipia wolpepa mpya mfukoni mwangu.

Msimu huu wa baridi, mpe ukuta siku tatu au nne kabla ya kubandika. Roli zako ziache zimelala ndani ya plastiki yake, na uhakikishe zote zina namba moja ya bechi, maana rangi za bechi tofauti zinaweza kutofautiana kidogo.