Sera za kikundi na kompyuta mpakato zilizo mbali na ofisi

Anayeanza kusimamia kompyuta za Windows hujifunza mapema kwamba sera za kikundi (Group Policy, yaani mipangilio inayotumwa kwa kompyuta nyingi kutoka seva ya ofisi) zinaweza kusakinisha programu bila fundi kugusa mashine, na akiona jambo hilo linakwenda vizuri ofisini hudhani litakwenda vivyo hivyo kwa mfanyakazi aliye mbali. Haliendi. Programu iliyopangiwa kompyuta husakinishwa mashine inapowaka, kabla mtumiaji hajaingia, ilhali VPN nyingi, yaani njia salama ya kufikia mtandao wa ofisi kupitia intaneti, huunganishwa baada ya mtumiaji kuingia. Kwa hiyo wakati sera inapoitafuta seva ya ofisi, njia ya kuifikia bado haijafunguka. Ukiendesha gpupdate, amri ya kuburudisha sera papo hapo, baada ya VPN kuunganishwa, utaambiwa uwashe mashine upya, na ukiiwasha upya VPN inakatika, unarudi ulikoanzia.

Hata pale VPN inapowahi, Windows hupima kasi ya mtandao, na ikiwa chini ya kilobiti 500 kwa sekunde huacha usakinishaji, isipokuwa umebadilisha mpangilio huo. Sishauri kuubadilisha ovyo, kwa sababu mtu anayesubiri faili kubwa lipite kwenye laini dhaifu huku skrini ikiwa imeganda ataizima mashine, nami sitamlaumu.

Ninachopendelea ni kutumia sera hizohizo kupeleka kazi iliyoratibiwa (scheduled task, yaani kazi ambayo Windows huiendesha yenyewe kwa wakati uliopangwa) badala ya programu yenyewe. Sera huburudishwa tena mashine ikiwa inatumika, kila baada ya dakika 90 hadi 120, hivyo kazi hiyo hufika wakati VPN iko hewani. Iandikie hati fupi ya amri (script) inayoangalia kwanza kama toleo linalotakiwa tayari lipo, kisha inakili faili la MSI, yaani faili la kusakinishia programu, kutoka folda ya seva hadi diski ya mashine kwa BITS, huduma ya Windows ya kuhamisha mafaili, ambayo mtandao ukikatika huendelea pale ilipoishia, na kusakinisha baada tu ya faili lote kufika. Kazi ikiendeshwa kwa SYSTEM, akaunti ya Windows yenyewe, seva huitambua kama kompyuta, si kama mtumiaji. Ruhusa ya kusoma folda hiyo ya seva lazima zipewe akaunti za kompyuta, na hapa ndipo wengi hukwama huku wakilaumu mtandao.

Kwa uchunguzi, anza na ripoti ya gpresult, amri inayoonyesha sera zilizofika kwenye mashine, halafu kumbukumbu za matukio. Mashine ambayo mwenyewe haunganishi VPN kabisa haitapokea sera yoyote mpya. Hiyo ihamishie kwenye huduma inayosimamia kupitia intaneti, kama vile Intune ya Microsoft.