Chura wa Kihansi hatagi mayai

Je, vyura wa Kihansi, wale vyura wadogo wa bonde la Mto Kihansi katika Milima ya Udzungwa nchini Tanzania, hutaga mayai majini kama vyura wengine? Hapana, hawatagi mayai mtoni wala kwenye vidimbwi. Mayai hurutubishwa na kukua ndani ya mwili wa jike, kisha jike huzaa vichura wadogo sana waliokwisha kukamilika maumbo, kwa hiyo ile hatua ya viluwiluwi wanaoogelea, tunayoisoma shuleni kana kwamba ni ya kila chura, kwao haipo. Viluwiluwi wakionekana katika vijito vya Milima ya Udzungwa, basi ni wa spishi nyingine.

Lakini isidhaniwe kwamba hawauhitaji mto. Walichokitegemea ni manyunyu ya maporomoko, yaliyolowesha majani ya bondeni mchana na usiku. Ndiyo maana, baada ya bwawa kujengwa na sehemu kubwa ya maji ya mto kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, makazi yao yalikauka ingawa mto wenyewe haukukauka kabisa. Ilibidi uwekwe mfumo wa kunyunyizia maji kwa mabomba. Pamoja na hayo, idadi yao iliporomoka ghafla mwaka 2003, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ni miongoni mwa sababu zinazotajwa, hivyo kulilaumu bwawa peke yake ni kurahisisha mambo. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini, na waliorudishwa bondeni kuanzia mwaka 2012 ni wazao wa wale waliopelekwa Marekani mapema kwa ajili ya kuzalishwa.