Sikiliza seben kabla ya kubonyeza: picha za dansi kwenye arusi za Lubumbashi

Ukiniuliza kifaa gani kitakufaa zaidi usiku wa arusi hapa Lubumbashi, nitakujibu: masikio. Lenzi nzuri ina kazi yake na flashi ina kazi yake, lakini picha za dansi zenye uhai huletwa na mpiga picha anayejua wimbo unaelekea wapi.

Rumba yetu, ile iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2021, huanza polepole. Mwimbaji anabembeleza, watu wanacheza wawili wawili, wengine macho wameyafumba. Kisha gitaa linageuza mwendo, linarudia mzunguko uleule bila kuchoka, atalaku, yule anayewachangamsha wachezaji kwa maneno, anapaza sauti, na seben, sehemu ya wimbo yenye kasi, imeingia. Ndani ya sekunde chache hakuna aliyebaki kitini. Kwa hiyo betri badilisha wakati mwimbaji bado anabembeleza, na kwenye sehemu hiyo tafuta nyuso na mikono iliyoshikana. Gitaa likigeuka tu, sogea karibu na upige goti. Seben huchezwa kwa kiuno na miguu, na ukipiga kutoka juu umekata nusu ya dansi. Kabla sherehe haijaanza, mwendee DJ au kiongozi wa bendi umwombe mpangilio wa nyimbo, hasa ule wa kuingia maarusi. Dakika mbili za mazungumzo hayo zina faida kuliko lenzi mpya.

Kwenye sehemu ya polepole, kasi ya shata (kifuniko cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga) ya 1/125 ya sekunde inatosha. Kwenye seben mimi hushuka hadi 1/15 na kuiweka flashi iwake mwishoni, shata ikikaribia kufunga. Mwako wa flashi ni mfupi mno, kwa hiyo uso unatulia, huku taa za ukumbi na mikono zikiacha mistari ya mwendo nyuma ya mchezaji. Flashi ikiwaka mwanzoni, mistari humtangulia, akaonekana kama anarudi kinyumenyume. Si kila picha itatoka. Piga nyingi.

Tazama pia kazi za Jean Depara, aliyepiga picha za usiku wa Kinshasa tangu miaka ya 1950. Flashi haikumzuia kuwakaribia watu, nao wanaonekana wako nyumbani mbele yake.

Sasa jambo ninalolijali kuliko yote: ngozi zetu. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu. Gauni jeupe likijaa kwenye picha, inapunguza mwanga, na sura ya bibi arusi inazama gizani. Mtu aliyejiandaa miezi mingi hastahili kukabidhiwa picha ya gauni lisilo na mwenyewe. Pima mwanga usoni, ongeza mwanga nusu hatua au hatua nzima (hatua moja huuzidisha mara mbili), upige RAW, yaani faili ghafi la kamera, ili gauni nalo ulirekebishe baadaye. Angalia na dari: ikiwa wapambaji wameifunika kwa kitambaa cha zambarau, flashi ukiielekeza juu itarudi na zambarau kwenye kila uso. Tafuta ukuta mweupe, au ielekeze mbele ukiwa umeipunguza nguvu.

Taa za LED nazo huleta mistari ya giza pichani. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jaribu 1/50 au 1/100, na uzime shata ya kielektroniki isiyo na sauti.

Wakati wa kutuza, usisimame kwenye njia. Shangazi anakuja akicheza taratibu, noti mkononi, anaibandika kwenye paji la uso la bwana arusi. Furaha iko kwenye uso wa shangazi, basi mfuate yeye tangu anapoinuka mezani. Sipigi picha ya noti kwa karibu wala ya kapu la fedha. Nani ametoa dola na nani ametoa faranga si habari ya albamu, na picha kama hiyo inaweza kuwagombanisha ndugu.

Mpiga video kubaliana naye mapema: yeye abaki upande mmoja na taa yake, wewe upande mwingine. Na ba mama wakikuita, «Foto, kuya huku!», nenda mara moja. Mara nyingi wamemwona babu akiamka kucheza kabla wewe hujamwona.