Aliyechora All Saints Nairobi

Ndugu, umeuliza ni nani aliyechora kanisa kuu la All Saints pale Nairobi, na kama ana kazi nyingine. Ni Temple Moore, msanifu majengo Mwingereza aliyezaliwa Tullamore, Ireland, mwaka 1856. Jiwe la msingi liliwekwa 1917. Yeye akafariki 1920, kanisa likaja kukamilika 1952.

Kazi yake ninayoipenda kupita zote ni kanisa la St Wilfrid, mjini Harrogate, Uingereza, iliyoanza 1904. Madirisha membamba, marefu, yenye ncha juu. Mapambo machache, jiwe lenyewe ndilo linalobeba uzuri. Hakuwa mtu wa mbwembwe, na kwangu hapo ndipo anapowapita wengi wa zama zake.

Ujuzi aliupata kwa msanifu George Gilbert Scott mdogo (baba yake alikuwa na jina hilohilo), na mwalimu alipougua akili, Moore ndiye aliyeendeleza kazi zake. Baadaye akamfundisha Giles, mtoto wa mwalimu huyo, ambaye ndiye aliyechora kanisa kuu la Liverpool. Inasikitisha kwamba mwana wa Moore mwenyewe, Richard, aliyekuwa akimsaidia kazini, alizama na meli ya Leinster Oktoba 1918. Ofisi ikarithiwa na mkwewe, Leslie Moore.