Kiti chepesi cha mtoto cha kusafiria kwa ndege: pima upana kabla ya uzito

Ukitafuta kiti cha gari cha mtoto cha kupanda nacho ndege, wauzaji wataanza kukutajia kilo. Kilo zina maana, hasa unapokatiza uwanja wa ndege mtoto mkononi, begi unalivuta na kiti umekining'iniza begani. Lakini baada ya kusafiri na binti yangu tangu akiwa mchanga, mimi huuliza kwanza mambo mawili: kiti kina kibandiko cha ndege? Na kitaenea kati ya sehemu mbili za kuwekea mikono?

Kibandiko ndicho kitakachokupitisha. Viti vya Marekani vinavyoruhusiwa vina maandishi mekundu, "This restraint is certified for use in motor vehicles and aircraft", yaani kimeidhinishwa kwa gari na ndege. Vya Ulaya vina herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya kanuni, R44 au R129, na yapo mashirika yanayotaka pia alama ya "For Use in Aircraft" inayotolewa na TÜV Rheinland, kampuni ya ukaguzi ya Ujerumani. Kipige picha kibandiko hicho kabla ya safari. Mara nyingi kiko ubavuni au chini, na mhudumu huja kuuliza wakati mtoto ameshafungwa mikanda na amesinzia.

Kuhusu upana, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inasema kiti kisichozidi inchi 16, kama sentimita 40, kinatosha kwenye ndege nyingi. Pima mwenyewe kwa futi kamba pale kilipo kipana zaidi. Vishikio vya vikombe huongeza upana, kwa hiyo chagua kiti ambacho vinachomoka.

Halafu kumbuka kwamba mkanda wa ndege unapita kiunoni tu. Hakuna wa begani, hakuna ISOFIX, yaani vile vishikizo vya chuma vya kwenye gari vya kunasia kiti cha mtoto. Kwa hiyo soma kitabu cha maelekezo uhakikishe kiti kinafungika kwa mkanda wa kiunoni peke yake. Na vile viti vya kumnyanyua mtoto tu, visivyo na mikanda yake vyenyewe, havitumiki ndege inaporuka na inapotua.

Sasa uzito. Kwa mtoto wa kilo 10 kwenda juu anayeweza kukaa akitazama mbele, WAYB Pico ina kama kilo 3.6 na inajikunja, ila haifungwi kutazama nyuma. Cosco Scenera Next ni ya plastiki, haifiki kilo 5, na inafungwa kutazama mbele au nyuma. Kama huko uendako hutapanda gari kabisa, kuna mkanda wa CARES, unaomfunga mtoto kwenye kiti chenyewe cha ndege, wa nusu kilo hivi, kwa mtoto wa kilo 10 hadi 20 asiyezidi sentimita 100. Huo hautumiki kwenye gari. Jambo moja silikubali: kumgeuza mtoto mdogo atazame mbele kabla ya wakati wake kwa sababu tu kiti cha namna hiyo ni chepesi. Shingo yake bado inahitaji kuegemezwa na mgongo wa kiti.

Ndani ya ndege, kazi iko kwenye bizimu la mkanda. Linafunguka kwa kuinua kifuniko chake, na kiti kinapotazama mbele bizimu hilo huangukia nyuma ya mgongo wa mtoto. Ukishakaza, kifuniko kinabanwa na kiti, na mkifika huna nafasi ya kukiinua. Dawa yake: kabla ya kufunga, geuza bizimu ili kifuniko kitazame mgongo wa kiti cha ndege. Weka goti ndani ya kiti cha mtoto, kandamiza, ndipo uvute mkanda. Hapo bizimu halimchomi mtoto, na kulifungua ni kupenyeza vidole tu.

Omba nafasi ya dirishani, ili kiti kisimzibie mtu njia. Safu za milango ya dharura hazifai, wala viti ambavyo mikanda yake ina mfuko wa hewa.

Wengine huniuliza kwa nini nisimpakate tu. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United namba 232 ilianguka Sioux City, Marekani. Wazazi waliopakata watoto walielekezwa wawaweke sakafuni, kama utaratibu wa wakati ule ulivyotaka. Watoto wa kupakatwa walikuwa wanne, na mmoja alikufa. Jan Brown, mkuu wa wahudumu siku hiyo, alipigania kwa miaka mingi watoto wadogo wapewe viti vyao. Hadi leo sheria ya Marekani inaruhusu mtoto wa chini ya miaka 2 apakatwe. Mimi nikiweza kulipia nafasi yake, nalipia, maana ndege ikishuka ghafla hakuna mikono inayoweza kumzuia mtoto.

La mwisho ni barabara za huko uendako. Kiti chenye kibali cha Marekani peke yake hakihalalishwi kwenye magari ya nchi za Umoja wa Ulaya wala Uingereza, na cha Ulaya hakitambuliwi Marekani. Ukienda kwa kipindi kirefu, angalia hilo kabla hujanunua.