Kabla ya kusoma stori, kaa na kava kwanza

Nina miaka mitatu sasa nasoma majarida ya palpu ya Marekani, yale ya hadithi za kusisimua za miaka ya 1920 na 30, na nayapenda sana ndo maana nataka wewe uanze vizuri kuliko nilivyoanza mimi. Mi nilidaunlodi mkusanyiko wa hadithi, maneno matupu, hakuna picha wala matangazo, hadithi ya tatu nikachoka nikaacha. Kumbe zile stori hazikuzaliwa hivyo. Jarida lilikuwa limepangwa kibandani na mengine kibao, mtu anapita na senti zake 10 au 25 mfukoni, na kava ndo ina sekunde chache za kumsimamisha. Ndani karatasi ya rojo la mbao, ya bei chee kabisa (ndo jina palpu lilikotoka), nje karatasi inayong'aa yenye rangi kali.

Kwa hiyo chukua toleo moja zima, kwenye tovuti ya Internet Archive yapo mengi yameskaniwa, bure, na usisome neno hata moja mpaka uitazame kava vizuri. Halafu soma, halafu rudi tena kwenye kava. Hapo kwenye kurudi ndo penye utamu! Mfano jarida la Amazing Stories la Agosti 1928, Frank R. Paul kachora jamaa kavaa nyekundu anaelea hewani, na kwa kuwa hadithi ya kwanza ya Buck Rogers, yule shujaa maarufu wa hadithi za anga, imo humohumo watu wengi wanadhani ndo yeye, hata mi niliamini hivyo, mpaka nikasoma nikakuta ile picha ni ya hadithi nyingine, The Skylark of Space, iliyoanza kutoka kwa mfululizo kwenye toleo hilohilo.

Ila kipenzi changu ni mchoraji Margaret Brundage. Huyu mama alikuwa Chicago na kuanzia 1933 mpaka 1938 kava nyingi za Weird Tales, jarida la hadithi za ajabu na za kutisha, ni zake, anasaini M. Brundage tu, wasomaji wengi hawakujua kama ni mwanamke. Wenzake wengi walitumia rangi za mafuta, yeye alitumia pasteli, yaani chaki za rangi ambazo ukizipitishia kidole zinafutika. Fungua ile ya Oktoba 1933 yenye mwanamke wa barakoa ya popo, ivute kwa vidole kwenye simu mpaka uso ujae skrini, uone ngozi inavyotoka kwenye mwanga kuingia kivulini taratibu bila mstari. Mi naweza kukaa hapo hata nusu saa.

Lakini lazima niseme na hili, ukiwa Mwafrika utakutana na kava zinazouma. Jungle Stories, lililotoka 1938 hadi 1954, shujaa wake Ki-Gor ni mzungu anayetawala msitu wa Afrika, na sisi tuko pembeni, mara hatari mara mapambo. Siziruki hizo. Nazitazama nikiwa na hasira zangu kwa sababu nataka kujua ni picha gani ya kwetu ilikuwa inauzwa kwa senti chache, na uzuri wa Brundage haunifanyi nisahau hilo.

Ukifika hatua ya kununua nakala halisi, omba picha ya mgongo na ya kingo za kurasa kabla hujalipa, na mwambie muuzaji aifunge katikati ya makadibodi mawili. Yangu ya kwanza iliandikwa hali nzuri ikaja kwenye bahasha nyembamba, mgongo umepasuka, na ile karatasi ina asidi inajila yenyewe, inageuka kahawia na kuvunjika kama papadi. Niliifungua mara moja tu vipande vikanidondokea magotini, iliniuma sana. Sasa iko kwenye mfuko wa plastiki na siifungui tena, stori zake nazisoma kwenye skani huku yenyewe iko mezani pembeni yangu, kava juu, rangi zake bado kali.